Kabati Atafutiwa Kwao

Mwanamke aliyeendesha kituo cha mbwa waliotelekezwa alikuwa zamani mlezi wa bweni la wasichana, na jina la Matroni lilimganda hata baada ya kustaafu. Alijiona ameshayaona yote duniani, mpaka asubuhi ile lori liliposhusha mbwa tisa kwa mpigo.

Walitoka kwenye ghala lililofungwa. Wenye ghala waliondoka na kila kitu, hadi balbu, wakawaacha mbwa. Kufikia adhuhuri Matroni alikuwa amelowa kuliko waliokuwa wakiogeshwa. Mmoja alimeza kipande cha sabuni, ikawa kila akibweka anatoa povu. Mwingine alipanda juu ya kiti pekee cha ofisini na kukataa katakata kushuka, akaitwa Mwenyekiti. Wa mwisho alikuwa dume mweusi, mabega mapana kama mlango. Dereva na daktari wa mifugo walimsukuma kwa nyuma kama watu wanaohamisha fanicha. Huyo akaitwa Kabati.

Jumamosi watu walikuja kuchagua. Matroni hakumpa mtu mbwa hivi hivi, aliwahoji kama mama anayeozesha kitinda mimba wake: atalala wapi, nani atamwogesha, mkigombana nyumbani atasikia matusi? Hata hivyo, hadi jioni wanane walikuwa wamepata makwao. Mwenyekiti alichukuliwa na kinyozi, pamoja na kiti chenyewe, maana hakukuwa na njia nyingine.

Akabaki Kabati. Kila aliyeuona ule mwili alitaka mlinzi, na kila aliyetaka mlinzi alibadili nia alipomkuta amejificha kwa hofu ya paka wa jirani: kichwa ndani ya ndoo, mwili mzima nje.

Jumanne Matroni aliona maji yamemfika shingoni. Akarudisha mlango wa ofisi, akapiga magoti mbele ya Kabati.

"Nitazame mimi, baba. Unakunja pua hivi. Halafu: ngrrr!"

Kabati alimtazama kwa huruma.

"Ngrrr! Hau! Hau hau!"

Kabati akamlamba miwani.

Mtu akakohoa. Mlangoni alisimama fundi cherehani mwembamba, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na kando yake bibi mmoja aliyekumbatia mkoba kwa mikono miwili.

"Huyu ni mama mkwe wangu," fundi alisema, macho yakiwa chini kwa aibu ya kile alichokiona. "Vitambaa vyangu vinaibwa kambani. Mama kasema tutafute mbwa mkali."

Bibi alimpima Matroni, ambaye alikuwa bado yuko magotini. "Huyo mwenye miwani anafaa. Mweusi sijamsikia."

Matroni alitamani ardhi ipasuke. Akainuka, akajipangusa, akaamua kusema kweli. "Mama, sitawadanganya. Kabati hana ukali hata chembe."

"Na mimi mbwa siwapendi. Wananuka." Bibi akajibwaga kwenye benchi.

Kabati alimwendea, akageuka polepole, akamkalia. Alimkalia mzima mzima.

"Mkwe!"

"Naam, mama."

"Niondolee hiki kitu."

Fundi akavuta shingo, Matroni akavuta kiuno. Kabati akashusha pumzi na kuweka kidevu begani kwa bibi. Wakamwonyesha mkate. Akaula palepale alipokaa.

"Huna adabu," bibi alimfokea sikioni. "Jitu zima lote hili unataka kupakatwa?" Lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kulikuna sikio lenyewe. "Na masikio machafu! Nani kamwogesha?"

"Mimi, mama," Matroni alisema.

"Hukusugua nyuma ya masikio." Akaendelea kukuna. Kisha akauliza, sauti chini, "Hapa analala na nani?"

"Peke yake. Wenzake wote wameondoka."

Bibi akamfuta Kabati makombo ya mkate mdomoni. "Mkwe, tia sahihi."

"Lakini mama, wezi..."

"Tia sahihi, miguu yangu imekufa ganzi!"

Baada ya wiki mbili Matroni alikwenda kuwakagua. Alimkuta Kabati amelala kizingitini kwa fundi, na mteja amesimama nje akipimwa kiuno kwa mbali.

"Ameshabweka?" Matroni aliuliza.

"Hata siku moja," fundi alijibu. "Ila juzi, mchana kweupe, mwizi alichuchumaa kukunja kitambaa changu. Kabati akamkalia. Tulipofika alikuwa anatuomba maji."

Matroni alicheka hadi machozi yakamtoka. Fundi hakucheka. "Mama alikuwa arudi kwake wiki iliyopita. Anasema hawezi kumwacha mtoto."

Bibi akatokea na kitana mkononi, akasimama kati ya Matroni na mbwa. "Umekuja kumchukua?"

"Hapana, mama. Nimekuja kumjulia hali tu."

"Mjulie ukiwa hapo hapo." Kisha uso ukalegea. "Hivi, kuna wengine kule?"

"Jana wameshuka sita."

"Kuna mdogo mdogo? Huyu ni wangu. Mkwe wangu naye anastahili wake."

Fundi alimtazama mama mkwe, akamtazama Kabati, akavua futi shingoni taratibu na kwenda kutafuta viatu vya kutokea.