Shokapu Nne za Gari la Daktari

Siku ya Alhamisi, tarehe 8 Septemba mwaka 2011, saa mbili kamili asubuhi, Mama Spana aliliinua gari la Daktari kwa jeki, akaliegemeza juu ya stendi nne, kisha akalisukuma kwa kiganja ili ahakikishe kwamba limekaa. Halikukaa. Liliendelea kurukaruka polepole hapohapo lilipoinuliwa, kama mtu anayetikisa goti akisubiri jina lake liitwe. Aliliachia muda wa kutulia, na lilipokataa alianza kazi.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, la viti viwili na paa la turubai, lenye rangi ya damu ya mzee. Daktari alilinunua ujanani mwake na hakuwahi kuendesha jingine. Kwenye karatasi ya kazi alikuwa ameandika maneno mawili tu: gari halitulii. Jumamosi hospitali ingemuaga kwa heshima baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, naye alitaka kuingia uwanjani kama mtu aliyeketi sebuleni kwake.

Kwenye benchi la dirishani aliketi mume wa Mama Spana, akipanga nati kwa ukubwa. Zamani alikuwa mpeleka barua. Jioni moja mwaka 2002, akiwa juu ya baiskeli ya posta, gari lilimgonga kwa nyuma likaenda zake, na nyonga yake ya kushoto haikurudi tena mahali pake. Hilo alilivumilia. Asilolivumilia ni neno moja lililoandikwa katika faili lake la hospitali: amelewa. Kwa neno hilo posta ilimfukuza kazi, na kwa neno hilo mtaa mzima ulimwita Chupa, ilhali hakuwahi kuonja pombe hata ya kulambishwa kwa kidole. Kwa miaka tisa alitaka kitu kimoja tu duniani: mtu alikate neno lile kwa kalamu na kuweka sahihi pembeni.

Daktari ndiye aliyempokea wodini jioni ile, akamshona nyuzi ishirini na mbili kwa mkono wake bila kumwita muuguzi. Ndiye pia aliyeliandika neno. Lakini Chupa alimtetea siku zote. Wodi ilikuwa imejaa, alisema, na binadamu si malaika. Kila alipokutana naye njiani alivua kofia.

Mama Spana alifungua gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Shokapu ndicho kifaa kinachomeza mitikisiko ya barabara ili isimfikie mwenye gari. Katika magari ya siku hizi ni bomba lililosimama. Katika gari hili ilikuwa kisanduku cha chuma chenye mafuta ndani na mkono mmoja nje, kama mkono wa pampu ya maji. Alilegeza kiungo, akatoa bolti mbili, akakisugua kisanduku kwa brashi na mafuta ya taa, akakibana kwenye jiliwa. Alifungua mfuniko. Mafuta yalikuwa meusi na mazito kama uji uliosahauliwa jikoni. Aliushika mkono wa shokapu na kuushusha mara moja ili yatoke.

Vikombe viwili vya chai viliruka kutoka mezani na kutua palepale.

"Reli," alisema Chupa bila kuinua uso.

"Reli ya wiki iliyopita," alisema mkewe. "Bado ina moto."

Kila fundi wa shokapu huizoea hali hiyo. Kilichomezwa hakipotei. Hukaa ndani ya mafuta kama magunia ghalani, na gunia la mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka. Alishusha mkono tena na tena. Yalitoka matuta ya mbele ya soko, likatoka shimo la masika yaliyopita, ukatoka ukingo wa njia ambao Daktari aliupanda siku alipokwenda kununua miwani. Sakafu iliinuka na kushuka. Mshonaji wa chumba cha pili aligonga ukuta.

"Nyie! Punguzeni barabara huko! Nashona kola, inatoka kama mkia wa mjusi!"

"Vumilia, shemeji," alijibu Chupa. "Tumefika mwaka 2009."

"Umeamka na ngapi leo, Chupa?"

"Na moja tu. Ya chai."

Mwaka 2007 ulikuwa laini, kwa kuwa barabara kuu ilikuwa imetengenezwa upya. Baada yake mitikisiko ilizidi kuwa mikavu na ya karibukaribu. Saa sita ilipokaribia, Mama Spana alishusha mkono, ukatoka mtikisiko usiofanana na mingine. Ulikuwa laini, kama wa gurudumu lililokanyaga godoro, na ndani yake kengele ya baiskeli ililia mara moja. Nati zote za benchi zilitawanyika sakafuni. Chupa alikuwa ameshika nyonga yake ya kushoto kwa mikono miwili.

"Huyo ni mimi," alisema.

Mama Spana alikwenda kwenye gurudumu la nyuma la upande uleule, akatoa shokapu yake, akaifungua, akausukuma mkono mpaka akaufikia mwaka ule. Ulitoka mtikisiko uleule, ila huu haukuwa na kengele.

"Na huyo?" aliuliza.

"Ni mimi pia. Wa pili."

Alirudisha mafuta ya mitikisiko ile miwili ndani ya shokapu ya mbele, akafunika kwa kitambaa. Kisha hakuweza kukaa. Alifagia mahali palipokwisha fagiliwa. Alitoka mlangoni, akaingia, akatoka. Chupa naye alianza kuokota nati, akizimwaga upya kila alipofika nusu.

Saa tisa alasiri Daktari alikuja kutazama kazi. Mama Spana alimpa kiti.

"Hujambo, Fundi? Limetulia?"

"Sijambo, Daktari. Bado. Keti kwanza usikie kilichomo."

Akaushusha mkono. Miwani ya Daktari ilimteleza mpaka ncha ya pua, akairudisha kwa kidole.

"Ndiyo," alisema. "Kona ya kiwanda cha matofali."

"Huna la kuuliza?"

"La kuuliza nini? Nilikuwepo."

Chupa aliinuka kwa shida. Kofia ilikuwa mkononi mwake, na mwenyewe hakujua aliivua lini. "Daktari, ulinishona nyuzi ishirini na mbili."

"Ishirini na tatu, ndugu yangu. Moja ilikuwa ya ndani."

"Na lile neno? Uliliandika kwa nini, nawe ulijua?"

Daktari alifikiri kwa uaminifu, kama anayetafuta jina la dawa. "Fomu ile ina mstari wa chanzo cha ajali. Hauruhusiwi kuachwa wazi."

Mama Spana alimletea kalamu. Alimweleza kwamba hawakutaka polisi, wala fidia, wala radhi. Walitaka aende ofisini kwake, maana funguo zingekuwa zake mpaka kesho, alikate neno moja na kuweka sahihi. Daktari aliipokea kalamu, akaitazama ncha yake, akaiweka juu ya benchi taratibu.

"Nikilikata, mtu atauliza kwa nini. Na akiuliza kwa nini, Jumamosi haitakuwepo." Alisimama, akajifuta mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu. "Je, Jumamosi litakuwa limetulia?"

"Litatulia," alisema Mama Spana.

Daktari alipoondoka, Mama Spana alizishika sili mpya, pete za mpira za kuzuia mafuta, mkononi kwa muda mrefu. Kuiacha moja kungetosha. Mafuta yangevuja tone kwa tone, na gari lingemtikisa mwenyewe mbele ya watu wote.

"Ziweke zote," alisema Chupa. "Mimi naitwa mlevi. Wewe nawe ukiitwa fundi mbovu, nyumba moja itayabebaje majina mawili?"

Akaziweka zote. Alisafisha valvu, akajaza mafuta mapya, akapampu mikono minne mmoja mmoja mpaka hewa yote ikatoka. Ijumaa adhuhuri gari liliteremshwa chini, likasimama kimya kama ng'ombe aliyeshiba.

Mafuta ya zamani Mama Spana alijaribu kuyafukia nyuma ya gereji, lakini udongo uliyatema mara tatu. Ijumaa hiyo majirani walikuja na makopo yao kama ada, kwani mafuta machafu hutafutwa kwa bawaba na kwa nguzo zenye mchwa. Aliwagawia. Mshonaji alipaka cherehani yake. Mlinzi wa hospitali alichukua chupa nzima kwa ajili ya geti kubwa.

Kwa hiyo Jumamosi, kila aliyelisukuma geti lile alisikia mtikisiko laini katika nyonga yake ya kushoto, pamoja na kengele ya baiskeli, akajua gari lilikuwa la nani na aliyegongwa alikuwa nani. Wakaingia, wakaketi. Gari lilipita katikati yao bila kutikisa hata ua moja la shada, na Daktari alipungiwa mikono. Walimpigia makofi marefu. Wengine walipiga huku wamesimama, maana kukaa kulikuwa kukiwasumbua.

Jumatatu Chupa alikwenda dirisha la kumbukumbu kuomba faili lake. Karani alishika nyonga, akalitafuta, akalifungua mbele yake. Neno lilikuwa palepale.

"Najua hukulewa," alisema karani. "Lakini sina mamlaka ya kukata. Kesho ujaribu tena, Chupa."

Wote mtaani wanajua sasa, na wote humwita vilevile. Mtikisiko wenyewe haukubali kulala kwa mtu mmoja zaidi ya siku tatu. Humfanya ageukegeuke kitini mpaka amsimulie mwingine, ndipo apumzike. Wewe uliyesoma mpaka hapa umekwisha kuupokea. Usikae nao. Mpe aliye karibu nawe, na umwambie ampe mwenzake, hadi umfikie mmoja mwenye kalamu.