Kiboko wa Baiskeli Aingia Mtandaoni

Haya ninayosimulia ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata punje moja, sato wote wa ziwa hili waote miiba machoni.

Mjukuu wangu Winnie anasomea ualimu Butimba. Juzi juzi alikuja hapa kwangu Mkolani. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mke wangu mdogo." Akasema mwalimu wao anataka ngano moja ya ukoo, na ngano hiyohiyo ilivyosimuliwa na mtu mwingine, itafutwe mtandaoni, zilinganishwe. Bila ile ya pili, kazi haipokelewi.

Nikampa ya kiboko aliyekwenda Ukerewe kwa baiskeli juu ya maji, mkewe amekaa kwenye keria. Aliandika yote, maskini. Ningemwambiaje kwamba niliitunga palepale, nikichokonoa meno?

Wiki nzima mtoto akatafuta. Maktaba za vyuo vya ng'ambo, hifadhi za kanda za zamani, kila mahali sungura tele, fisi tele, kiboko wa baiskeli hakuna. "Babu, nitafeli mimi."

Roho ikaniuma. Simu janja nimejifunza mwenyewe, sikushikwa mkono na mtu. Alipokwenda sokoni nikajifungia chumbani, nikabana pua, nikajirekodi nikiitamba ngano ya kiboko kwa jina la "Mzee Ngosha wa Sengerema", kisha nikamrusha mtandaoni.

Jioni Winnie akampata, akapiga vigelegele. Tukakaa sebuleni na bibi yake, Teodora, kumsikiliza. Mzee Ngosha anatamba, mimi natikisa kichwa kama simjui. Mara, ndani ya simu, akapita muuza dagaa akinadi.

Winnie akasimamisha. "Babu, si uliniambia wazee hawatambi ngano mchana, ng'ombe watapotea?"

"Huenda huyo hana ng'ombe."

Akabonyeza tena. Ikatoka sauti ya Teodora ikiniita: "Baba Luhaga, unaongea na nani humo? Uji unapoa!"

Teodora mwenyewe alicheka hadi akashika ukuta. Winnie hakucheka. "Kesho nakabidhi kazi, babu. Sina kitu."

Nikanywea. "Nitoze unachotaka."

"Nataka ile ya kweli. Ile uliyotambiwa na bibi yako utotoni."

Sikuwa nimeitamba tangu tumzike. Nilingoja jua lizame nyuma ya majabali, nikaanza: kobe aliazima ngoma ya mvua, akakataa kuirudisha. Nilipofika kwenye wimbo nilidhani nimeusahau, kumbe Kisukuma chake kilikuwa kimekaa ulimini kikinisubiri. Nikanusa moshi wa jiko lake. Nikaona michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikitokota, na sisi watoto tumebanana tukiitikia, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusinzia.

Winnie akachapa maneno ya kiitikio kwenye simu. Hakuna. Akachapa tena, mstari mmoja tu. Ndipo bibi mmoja nisiyemjua, kutoka kwenye kanda ya zamani iliyohifadhiwa na maktaba fulani ya mbali, akaimba wimbo uleule. Ila kobe wake aliirudisha ngoma.

Tulisikiliza mpaka mwisho. Hata Teodora aliitikia.

"Ya pili ndiyo hii," Winnie akasema, akifuta macho.

"Basi deni limekwisha, mke wangu."

"Limekwisha wapi! Mzee Ngosha wako ana wasikilizaji. Mmoja anauliza kiboko alipiga breki vipi majini. Mwingine ni mwanafunzi kama mimi, ameshamnukuu kwenye kazi yake. Kabla hujamfuta, waombe radhi, mmoja mmoja."

Nikavaa miwani, nikaanza na yule mwanafunzi.