Nimeshiba, Asante

Kwenye ploti yetu ya Gitothua, hapa Ruiru, mimi ndiye niliyekuwa naulizwa mambo ya watoto. Soksi zinapotea kila asubuhi? Ziweke ndani ya viatu jioni, viatu mlangoni, na hakutakuwa na kilio. Mtoto hataki uji? Mwache aukoroge mwenyewe. Akina mama wa kikundi chetu cha WhatsApp walizipenda sauti nilizowatumia, nami nilizipenda kuliko wao. Wakati wa chai kiwandani Thika nilikaa pembeni na kujisikiliza.

Somo langu kubwa lilikuwa kwamba mtoto mwenye heshima hali kwa watu. Akikaribishwa, anasema, "Nimeshiba, asante," hata kama tumbo linanguruma. Binti yangu Mitchell aliliweza akiwa na miaka mitatu, na sikumpiga hata kofi. Nilitumia jicho. Kila mama wa huku anajua kazi ya jicho. Mbele ya mwenyeji mdomo unasema, "Kula tu, mama, usiogope," na jicho linasema, jaribu uone. Alipofika miaka saba sikuhitaji hata kumwangalia.

Nilikuwa na sababu yangu, ingawa leo naiona ndogo. Mimi ni Naliaka, mtu wa Kimilili, na tangu nihamie Ruiru nimesikia utani wote uliopo kuhusu Waluhya na chakula. Nikifungua mkebe wangu wa ugali kazini, lazima mtu aulize nyumbani nimebakisha kuku wangapi. Nilicheka nao. Lakini niliapa kwamba hakuna atakayewahi kusema mtoto wangu ananyemelea sufuria za watu.

Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa Ngendo, mama yake Kui. Ngendo akipika, anapika sufuria ya harusi, na mtoto yeyote anayepita anapewa sahani. Kui naye anakula popote anapokuta moto umewashwa. Niseme ukweli, nilimdharau. Siku moja nilisema kwenye kikundi kwamba kuna watoto wanaokula nyumba nne kabla ya jioni na mama zao wanaona sawa. Sikutaja jina. Sote tulijua ni nani, na Ngendo mwenyewe alinijibu kwa kidole gumba.

Mwezi wa sita shangazi yangu aliyenilea akafariki. Baba Mitchell ni dereva wa lori na alikuwa amekwama mpakani Malaba, na Mitchell alikuwa katikati ya mtihani. Kabla sijamwomba mtu, Ngendo alikuja mlangoni akaniambia nisafiri, mtoto atalala na Kui. Alhamisi asubuhi nilimpeleka Mitchell kwake na begi lake na mkate mmoja mkubwa wa kuanzia. Nikainama, nikamnong'oneza neno moja tu: "Usiniaibishe."

Ijumaa jioni Ngendo alinipigia nikiwa jikoni pa matanga. Sauti yake ilikuwa ya wasiwasi. Alisema mtoto hali. Amempikia mukimo wa viazi na mahindi, amempikia chapati, na kila mara anasema ameshiba, na mkebe wa shuleni umerudi mtupu lakini Kui anasema aligawa chakula chote. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilimwambia Ngendo asihangaike, ndivyo nilivyomlea, akihisi njaa atasema. Nilijua hatasema. Mimi ndiye niliyemfundisha kutosema. Nilipokata simu niliwasimulia wanawake tuliokuwa tukipika nao, wakanisifu, na nikaongeza mboga kwenye sahani yangu nikala vizuri.

Jumamosi adhuhuri Mitchell alikuwa akiruka kamba na Kui uani. Akaanguka, na hakuinuka. Ngendo alimbeba mgongoni mbio mpaka kliniki, kisha akanipigia.

Nilifika Jumapili asubuhi nikiwa sijafumba jicho. Nilimkuta Ngendo kwenye benchi la nje, na leso yake ilikuwa na matapishi yaliyokauka. Sikuuliza chochote. Hasira ilinitangulia.

"Nilikuachia mtoto mzima," nikamwambia, watu wote kwenye foleni wakisikia. "Ulikuwa unamnyima chakula?"

Ngendo aliangalia mikono yake tu.

Daktari alitoka akaniita ndani, akanieleza taratibu kwamba sukari ya mtoto ilikuwa imeshuka sana kwa kukaa na njaa, na kwamba angechelewa saa chache tungekuwa tunazungumza mengine. Aliyemwahisha amemwokoa, akasema. Mitchell alikuwa kitandani na dripu mkononi. Aliponiona alitabasamu, akanivuta shingo ili asisikike.

"Mum, sikukuaibisha," akasema. "Nilikula mkate yetu pekee. Ikaisha Ijumaa asubuhi, nikakunywa maji. Kwa shule nilipatia watu chakula yote."

Kisha akaniangalia, akingoja nimsifu.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikuwa nimelitumia neno hilo kwenye kikundi zaidi ya mara kumi. Nilitamani sakafu ya kliniki inimeze. Sikumsifu, sikumgombeza. Nilimshika mkono usio na sindano nikalia, naye akaniuliza amekosea wapi.

Nilitoka nje nikamwomba Ngendo msamaha papo hapo, kwa sauti ileile niliyomtukania, foleni ileile ikisikia. Nilimwambia kosa ni langu. Nilimwambia hata lile neno la kikundi lilimhusu yeye, na kwamba nilikuwa na kiburi. Nilidhani atanirushia maneno, na ningeyapokea. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

"Mimi nilifikiri ni chakula yangu hapendi," Ngendo akasema. "Nikabadilisha mara tatu, Mama Mitchell. Hata nikauliza mama wa pale dukani vile nyinyi hupika ile mboga yenu ya mrenda."

Hilo liliniuma kuliko tusi. Mpaka leo linaniuma.

Jumatano iliyofuata alitualika kwake, mimi na Mitchell. Nilitoka kazini mapema. Alikuwa amepika mukimo, na pembeni, kwenye kibakuli, mrenda wake wa kwanza, mzito kama gundi. Kui alishaanza kula kabla ya maombi kuisha. Nilijipakulia sahani, nikaimaliza, nikaomba nyingine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuomba chakula cha pili katika nyumba ya mtu tangu nije Ruiru, na nilifanya hivyo kwa makusudi, ili Mitchell aone.

Mitchell hakuwa akiangalia sahani yangu. Kijiko kilikuwa mkononi, mukimo mbele yake unatoa mvuke, na macho yake yalikuwa usoni pangu. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Kula, mama," nikamwambia. "Kula tu, usiogope."

Nilipoyasikia maneno yakitoka, nilijua. Yalikuwa yaleyale. Miaka minne nimeyasema mbele ya wenyeji, na hata siku moja hayakuwa na maana yake. Nilijaribu kutabasamu. Nilijaribu kulainisha jicho, lakini jicho la mama halina mahali pa kulizimia. Basi nikafumba macho yote mawili, nikakaa hivyo mezani pa Ngendo, nikingoja kusikia kijiko kikigusa sahani.

Hakikugusa. Nilihisi mkono mdogo kwenye goti langu.

"Mum," Mitchell akasema polepole. "Fungua macho kwanza, nione kama ni ukweli."