Swali la Kumi na Tatu

Jumanne, tarehe 14 Septemba 1954, saa nne asubuhi, ndipo mambo ya mwanangu Kipketer yalipoharibika, na yaliharibikia mdomoni mwangu. Hilo nakubali. Lakini swali waliliweka wao.

Kipketer alikuwa amepita mtihani wa mwisho wa sekondari, akaomba nafasi chuoni: miaka miwili ya sayansi kwanza, halafu udaktari wenyewe. Alijaza fomu yote isipokuwa swali la kumi na tatu. Liliuliza kama amewahi kutibiwa ugonjwa wa akili.

Aliwahi. Mwaka wa 1950 mke wangu Chepngeno alishikwa na uchungu wa kuzaa, damu ikakataa kusimama. Manija wa shamba alikataa kutoa lori, ati limeshapakiwa pareto ya kwenda stesheni ya Rongai. Chepngeno akafa Kipketer amemshika kichwa. Tangu siku hiyo kijana hakusema neno, halali, anazunguka zizi la ng'ombe mpaka kunakucha. Watu wa misheni wakampeleka Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikaa miezi minne. Aliporudi alishika kitabu, akawa wa pili darasani. Kwa hiyo hata huo ugonjwa, ukiniuliza, wakubwa ndio waliompa.

Siku hiyo ya Septemba tuliitwa Nakuru kwa mahojiano, yeye na mzazi. Njiani akaniambia, "Baba, wakiuliza habari za ugonjwa, niachie mimi."

"Ugonjwa gani? Si ulipona?"

"Ndiyo maana nasema niachie."

Ndani alikuwako daktari Mzungu, na karani Kosgei wa kutafsiri. Daktari alifunua fomu, akaniangalia mimi. Kosgei akasema, "Mzee, anauliza kama kijana ana ugonjwa wowote ambao daktari anapaswa kuujua."

Hapo nikaona nimepata nafasi ya kumsifu mwanangu. Mama mzazi wa Chepngeno, bibi yake Kipketer, alikuwa mganga wa mitishamba. Kabla hajashika dawa aliugua akili mwaka mzima, na watu walimwamini kwa sababu hiyo hiyo. Mtu ambaye hajaugua atajuaje mgonjwa anaumwa wapi? Basi nikaeleza yote, zizi, Nairobi, miezi minne.

Kosgei alinitazama. "Mzee, unataka niseme hayo yote?"

"Yote. Usipunguze."

"Haya. Mdomo ni wako."

Akatafsiri. Daktari aliandika muda mrefu, kisha akamgeukia Kipketer. Kipketer akajibu kwa Kiingereza, halafu akanirudia kwa lugha yetu nami nisikie: "Nimemwambia ni kweli, na tangu nitoke sijaugua hata siku moja." Daktari akampa mkono, akamshukuru kwa kusema ukweli. Nikatoka nikiwa nimefurahi.

Nje Kipketer hakunikasirikia. Alisema tu, "Baba, umewasaidia kazi."

Barua ilikuja Novemba, ofisini kwa Kosgei huko Nakuru. Kosgei aliisoma bila kuniangalia: hakuna nafasi, ugonjwa wa namna hiyo huweza kurudi, kijana ajaribu ukarani.

"Si walimshukuru?" nikauliza.

"Walimshukuru, mzee. Shukrani haina kiti chuoni."

Nikapanda Milimani, mtaa wa Wazungu, kwa miguu mpaka nyumbani kwa daktari yule. Mpishi alitaka kunifukuza, lakini daktari akatoka mwenyewe barazani, na Kiswahili chake cha shambani.

"Mzee, mimi iko sikitika. Lakini hii gonjwa naweza rudi."

"Utarudi lini?"

"Hapana jua. Hakuna mtu najua."

Nikamwuliza jambo lingine moja. Akakuna shingo, akasema hilo si lake, niandikie kamati ya chuo.

Tuliandika. Kipketer aliweka Kiingereza, mimi nikatia sahihi. Tumeandika mara tatu sasa, na huu ni mwaka wa 1957. Kamati wako hai, maana magari yao nayaona. Kipketer anafundisha hesabu shule ndogo ya Rongai, analala vizuri, anakula, anacheka na watoto wa darasa lake, na kila Desemba ananiuliza kama jibu limekuja.

Barua yetu yenyewe ni fupi. Inasema: mwanangu akae mzima miaka mingapi ndipo ninyi mumwite mzima?