Kiganja Juu ya Tangi

Begi lilikuwa begani na mguu mmoja nje ya geti, binti yangu aliponirudisha gereji nisikie pampu kubwa ya mafuta aliyoifunga kwenye gari lake la mashindano.

"Inaimba vizuri, mwanangu," nikasema.

Mumewe akaangua kicheko. "Mzee, sijawasha hata swichi!"

Binti hakucheka. Nilikuwa nimemficha kwamba masikio yangu yamekuwa mazito, asije akanizuia kusafiri. Alinitazama, kisha akakilaza kiganja changu juu ya tangi, akamwashiria mumewe. Tangi likatetemeka taratibu.

"Umeisikia, baba?" akapaza sauti sikioni mwangu.

"Nimeisikia."

"Haya, nenda. Lakini utuandikie."

Nilisafiri. Yeye alimaliza mashindano akiwa wa nne. Mkwe bado ananitania kwa meseji, maana simu siisikii.