Maagizo ya Keki Katika Sanduku la Mazoezi

Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajagusa kazi nyingine, Wening Prabasari alikuwa na desturi ya kufagia. Si sakafu. Sakafu aliifagia mwenzake Ratri, ambaye hakuweza kuchora akiwa na vumbi chini ya miguu. Wening alifagia sanduku la mazoezi.

Wawili hao walikodi chumba ghorofani, mtaa wa nyuma ya chuo kikuu pale Yogyakarta, juu ya duka la kutoa nakala. Jioni walifundisha, na mchana waliandika masomo. Mwaka ule wa 2009 vijana wengi walitaka kujua kutengeneza zile kurasa za mtandao zinazofanya kazi kama programu kamili: unashika picha kwa kipanya, unaiburuta, inakaa pale ulipoiweka, hesabu inabadilika papo hapo, na ukurasa hauzimiki ukawaka upya kila ukigusa kitu. Vitabu vya ufundi huo vilikuwepo, ila vilikuwa vya Kiingereza, vinene kama matofali, na viliandikwa kwa watu waliokwisha kujua nusu ya mambo. Wening aliandika kwa Kiindonesia, hatua kwa hatua, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia na kumtajia hata shimo lililo mbele ya msikiti. Ratri alichora picha. Masomo waliyaweka kwenye tovuti yao, bure, na wengi waliyachapisha pale duka la chini wakayabana kwa pini.

Lililopendwa kuliko yote lilikuwa somo la kumi na mbili, la duka la vitafunio. Mwanafunzi anatengeneza ukurasa wenye sinia. Mnunuzi anaburuta lemper za wali wa kunata na risoles za kukaangwa na keki za mvuke mpaka sinia lijae, anaandika jina, simu na anwani, anabonyeza, na maneno ya kijani yanatokea: "Asante, agizo lako limepokelewa." Lakini ili lipokelewe, lazima iwepo kompyuta mahali fulani ya kulipokea, na hapo ndipo wanaoanza hukwama na kufa moyo. Wening aliwaonea huruma. Katika mstari wa tisa wa msimbo aliweka anwani ya kompyuta yake mwenyewe, ili kila mwanafunzi aonje utamu siku ile ile. Mwisho kabisa wa somo, kwa herufi ndogo, aliandika kwamba mwenye duka la kweli abadilishe mstari huo aweke anwani yake.

Basi sanduku likawa linajaa upuuzi wa majaribio. Mfalme wa Majini ameagiza keki elfu tisa. Bwana Abc wa mtaa wa Abc anataka risoles sifuri. Kila Ijumaa Wening alibonyeza mara moja, akafuta yote bila kusoma.

Ijumaa hiyo mtandao ulikuwa mzito. Alibonyeza, kitu hakikufutika, akabaki anapuliza chai yake ya tangawizi huku macho yakitembea tembea kwenye skrini. Yakatua kwenye agizo moja.

"Bu Endang Murwani, Kotagede. Boksi sitini, kila moja lemper moja, risoles moja, keki ya mvuke moja. Ni kwa sherehe ya mitoni ya mkwe wangu, mimba imetimiza miezi saba. Jumamosi, saa nne asubuhi. Tafadhali lemper zisiwe na pilipili, mama yangu ana vidonda vya tumbo. Samahani kwa usumbufu."

Chini kulikuwa na namba ya simu. Namba kamili.

"Ratri," akasema taratibu. "Mtu anayefanya majaribio ana mama mwenye vidonda vya tumbo?"

Ratri akaja na brashi sikioni, akasoma, akasoma tena. "Huyu ni wa kweli. Na Jumamosi ni kesho."

"Najua kesho ni lini."

"Ijumaa zilizopita umefuta ngapi kama hizi?"

Wening akasogeza kikombe kando.

"Mpigie," Ratri akasema.

"Nimwambie nini? Samahani Bu, hunijui, nimesoma habari za tumbo la mama yako?"

"Mwambie hivyo hivyo. Au ngoja kesho wageni sitini wale mikeka."

Kumpigia mtu usiyemjua ukamwambia jambo lake limeharibika ni kazi nzito pale kwao. Wana neno lao, sungkan, ile haya ya kutotaka kumtia mwenzako aibu, nayo inaweza kumfunga mtu mdomo wiki nzima. Wening akapiga moyo konde, akapiga na simu.

Bu Endang, yaani Mama Endang kwa heshima ya kwao, alikuwa na sauti laini. Kwanza aliuliza habari za Wening, za wazazi wake, na kama mvua imenyesha upande huo. Kisha, Wening alipomweleza agizo lilikopotelea, akasema, "Kumbe. Mimi nasubiri simu ya duka tangu Jumatatu, mwanangu. Nikasema labda Bu Tumini ana kazi nyingi. Kumpigia ningeonekana namsukuma."

"Ni duka la Bu Tumini?"

"La Bu Tumini, nyuma ya soko la Kotagede. Jirani yangu aliagiza huko mwezi uliopita na hazikufika. Akanunua kwingine, akanyamaza. Angesemaje? Mtu mzima yule. Mimi nikadhani jirani ndiye aliyebonyeza vibaya."

"Boksi zako zitafika, Bu," Wening akasema, na mara tu alipolitamka neno hilo akajua amejifunga kitanzi. Ukumbi umekodiwa, wazee wa dua wamealikwa, na yeye kupika lemper hajui.

Walikwenda kwa pikipiki ya Ratri. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, lina kabati la vioo, na kabati lile lilikuwa na sahani mbili tu za keki. Bu Tumini, mwanamke wa miaka sitini na ushei, nywele zimefungwa kisogoni kwa kitana, aliwakaribisha, akawapa chai yenye sukari ya mawe, akawasogezea sahani moja kati ya zile mbili. Hakuuliza wamekuja kwa nini. Wakanywa. Ukutani palikuwa na karatasi iliyochapishwa ukurasa wa duka kwenye mtandao, na Ratri akaikodolea macho.

"Risoles zangu hizo," akamnong'oneza Wening. "Nilizichora mimi. Hata ile iliyoungua pembeni."

"Nyamaza unywe chai."

Bu Tumini akaona wanakoangalia. "Alinitengenezea mtoto wa dada yangu, Galih," akasema. "Alikesha miezi mitatu na hakutaka hata asante. Kazi nzuri sana. Basi tu, watu wamenichoka." Akapangusa kabati, ingawa lilikuwa safi. "Zamani waliandika kwenye daftari. Tulipofungua huko, nikawaambia wote waagize huko huko, daftari nikaliweka kando. Sasa wiki sita hakuna hata mmoja. Nimekwisha kuwaambia wale kina mama wawili wanaonisaidia wasije tena. Mwisho wa mwezi nafunga."

"Bu hukumuuliza Mas Galih?" Wening akauliza, akimtaja kijana kwa heshima ya kaka.

"Nimuulize nini? Aone kazi yake haikuzaa kitu? Si ningemvunja moyo."

Galih mwenyewe akaingia akitoka sala ya Ijumaa, sarongi bado kiunoni na kofia mkononi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa kompyuta shuleni. Alipotajiwa jina la Wening alisimama wima kama aliyeitwa na mwalimu mkuu, akamwita Mbak, yaani dada.

"Mbak Wening wa masomo? Mimi nimeyasoma yote. La kumi na mbili nimelisoma mpaka karatasi imechanika."

"Mas, naomba kuuona mstari wa tisa," Wening akasema.

Galih akaleta kompyuta yake, akafungua. Ilikuwa pale pale, anwani ya ile kompyuta ya chumba cha ghorofani, herufi kwa herufi. Galih alifuata somo kama anayefuata dua, asiongeze wala kupunguza. Alijaribu mara ya kwanza, maneno ya kijani yakatokea, akashukuru Mungu, akaona kazi imekwisha. Yale maandishi madogo ya mwisho yalikuwa kwenye karatasi ambayo wino wa duka la nakala haukushika vizuri.

"Sikuelewa agizo linakwenda wapi baada ya hapo," akasema, masikio yamemwiva. "Nilitaka kukuandikia niulize. Nikaona Mbak ana watu wengi, nitamsumbua. Na Bude, mama yangu mkubwa huyu, hakusema kitu, nikajua mambo ni mazuri."

Ikabaki sehemu ya Wening, na hiyo hakuna aliyeweza kumsemea. Akaweka kikombe chini.

"Bu, maagizo yako yalikuwa yanakuja kwangu. Nilidhani ni mazoezi ya wanafunzi. Kila Ijumaa niliyafuta. Wiki sita. Leo ndiyo siku ya kwanza nimesoma."

Galih aliangalia vidole vyake vya miguu. Bu Tumini alikaa, mikono juu ya mapaja, akimtazama Wening bila kupepesa.

"Yalikuwa mangapi?"

"Sijui, Bu. Sikuyasoma. Naomba radhi."

"Lakini yalikuwepo."

"Jirani wa Bu Endang ni mmoja, huyo nina hakika. Na lazima wapo wengine."

"Kumbe watu walikuwa wanaagiza," Bu Tumini akasema polepole. Akainua ncha ya blauzi yake ya kebaya akapangusa jicho moja, kisha la pili. "Mwanangu, mimi wiki sita naonja lemper zangu kila asubuhi, natafuta zimeharibika wapi. Nimebadilisha nazi mara mbili. Nilidhani mkono wangu umezeeka."

Hakusema neno jingine la lawama, siku hiyo wala baadaye. Alisimama, akajifunga kitambaa kiunoni, na sauti yake ikawa nyingine kabisa.

"Sitini, saa nne asubuhi. Mchele wa kunata ulowekwe sasa hivi. Galih, wafuate kina mama wawili, uwaambie Bude anawaomba radhi na anawahitaji. Pitia ununue kuku, vidari tupu, usilete mapaja. Nyinyi wawili, mnajua kupangusa majani ya mgomba?"

"Najua kuyachora," Ratri akasema.

"Basi utapangusa. Kwa urefu, si kwa upana, yasipasuke."

Mchana huo Wening alijifunza somo la mtu mwingine. Jani hupitishwa juu ya moto kidogo lilegee. Wali uliopikwa kwa tui hubanwa ungali wa moto, kuku aliyechambuliwa akae katikati, asichungulie pembeni. Lemper zake tano za kwanza zilifumuka. Mmoja wa wale kina mama, Yu Parti, akazinyanyua juu, akauliza kama hizo ni lemper au ni mgonjwa aliyefungwa bendeji. Wakacheka mpaka Bu Tumini akawakumbusha kwamba mchele haungoji.

Wali ulipokuwa unawiva, Wening na Galih walikaa kizingitini na kompyuta. Ratri alisema mstari wa tisa ufutwe kabisa, mambo yaishe.

"Ungekuwa umefutwa, mimi nisingefika popote," Galih akasema. Aliinamisha kichwa, lakini aliendelea. "Samahani kumpinga Mbak Ratri. Nilishajaribu vitabu vitatu vya Kiingereza na vyote nilikwama hapo hapo. Kwenye somo hili yale maneno ya kijani yalipotokea, ndipo nilipojua kwamba ninaweza."

Wening akapangusa vidole vilivyonata wali, akaifikia kompyuta yake ya ghorofani kwa mtandao. Kisha akayabadilisha yale maneno ya kijani yenyewe, ambayo kompyuta yake iliyatumia kumjibu kila mtu, awe mwanafunzi au mnunuzi. Sasa yalisema: "Hongera, ukurasa unafanya kazi. Lakini agizo hili limefika kwenye sanduku la mazoezi la mwalimu, halijafika dukani. Kama wewe ni mnunuzi, tafadhali lipigie duka simu." Na juu kabisa ya somo, kwa herufi kubwa, akaandika kwamba mwenye swali aulize, kwamba yeye hasumbuliwi na swali bali husumbuliwa na kimya. Kabla ya maghrib maswali kumi na manne yalikuwa yameingia. Matatu yalikuwa ya wenye maduka.

Jumamosi walianza kufunga boksi alfajiri. Saa tatu na nusu Galih alifunga lile rundo nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaendesha kama aliyebeba mayai. Wening na Bu Tumini walikaa kungoja, mmoja akikunja majani yaliyobaki, mwingine akiyakunjua. Saa nne na robo simu ikalia. Bu Endang aliuliza kwanza habari za afya, akauliza habari za mvua, na mwisho ndipo akasema mama yake amekula lemper mbili na anaomba ya tatu.

"Mpe," Bu Tumini akasema. "Hazina pilipili."

Galih aliporudi, Bu Tumini alivuta kigoda mbele ya kompyuta, akavaa miwani.

"Wewe," akamwambia mpwa wake, "nionyeshe mwenyewe maagizo yanapoingilia. Na leo nitauliza kila kitu mpaka unichoke."

Galih alikuwa ameweka anwani mpya katika mstari wa tisa, na sanduku jipya lilikuwa tupu. Bu Tumini akashika kipanya kwa mikono miwili, akaburuta risoles moja iliyoungua pembeni, ikamponyoka, akaifuata tena mpaka ikakaa kwenye sinia. Akaandika jina lake herufi moja moja. Akabonyeza. Upande wa pili wa skrini, sandukuni, agizo likatokea: Bu Tumini, risoles moja.

Akaligusa kwenye kioo kwa ncha ya kidole.

"Hili limeingia kwangu?"

"Kwako, Bude."

"Basi Parti," akaita jikoni, "weka mafuta motoni. Kuna mteja."