Mchongezi wa Udongo

Ndege walikuwa tayari. Sama na mumewe Chakeva walikuwa wameanikwa juu ya ungo, midomo imeelekea jua, na nyuma yao wale ndege saba wadogo wa kupangwa mstari mmoja. Ramsakhi alikuwa amefikia kumfinyanga Mchongezi, yule wa kuchomwa masharubu kila jioni ya sikukuu. Kiwiliwili kilikuwa kimekwisha kukalishwa juu ya kipande cha tofali, na sasa alikuwa akiviringisha kichwa baina ya viganja vyake, udongo wa bwawani uliochanganywa na makapi ya mpunga, akiuchovya maji kidogo kila ulipotaka kupasuka.

Mkamwana wake, Vibha, aliketi karibu naye akisokota nyuzi za gunia za kufanyia masharubu.

"Mwaka huu namwekea marefu," alisema Vibha. "Mwaka jana yaliteketea siku ya kwanza, tukabaki kila jioni tunamchoma kidevu kitupu."

"Usilimalize gunia. Kuna viazi vya kutia."

"Viazi vitangoja, Mama. Huyu ana wiki nzima ya kuungua."

Ukutani, penye kivuli, Bhogendra, mume wa Ramsakhi, alikuwa ameegemezwa mito mitatu kwenye kitanda cha kamba. Tangu mwezi wa mvua hakuweza tena kulala chali. Alipojaribu, pumzi ilikata. Daktari wa mjini alisema moyo umevimba, akaandika dawa, kisha akazungumza na mtoto wao Lalit, mume wa Vibha, pembeni. Alichomwambia Lalit hakuelezwa mtu mwingine, lakini Lalit alipoaga kurudi kazini kwake mbali aliwagusa wazazi miguu kwa heshima mara mbili, si moja.

Bhogendra hakuwa na haja na dawa. Alichotaka ni dada yake. Mwezi ukipevuka, kila dada mtaani angemletea kaka yake Sama wa udongo, kaka amvunje juu ya goti, ili Sama, yule binti wa hadithi aliyechongewa akageuzwa ndege, aachiwe aende zake. Kisha dada amjazie kaka pepeta na sukari guru kwenye upindo wa nguo. Goti la Bhogendra lilikuwa halijavunja kitu kwa miaka arobaini na mmoja.

Siku chache nyuma alimpigia dada yake, Dulari, simu, ng'ambo ya mto Kosi. Ramsakhi alikuwa anampepea, akasikia kila neno.

"Kaka, nitakuja," Dulari alisema. "Lakini aliyelipeleka jina langu kwa Baba kunichongea aniite mwenyewe, kwa kinywa chake. Kama ni Budhni kweli, kama mtaa unavyosema, basi Budhni amekufa, na njia yangu imekufa naye."

Tangu siku hiyo Bhogendra hakuisha kuuliza, akiutazama ukuta, "Nani sasa wa kumwita, na Budhni hayupo?"

Vibha alinyoosha masharubu, akayapima kwa vidole. "Unajua, Mama, mimi hasira zangu ziko kwa baba yake Sama. Mchongezi alisema neno tu. Kwamba binti anaingia msituni, kwamba huko kuna mtawa. Ni maneno. Aliyemlaani mwanawe awe ndege ni nani? Si baba?"

"Baba angejuaje, kama asingeambiwa?"

"Angeuliza. Mume wake Sama hakuambiwa na mtu ajigeuze ndege amfuate. Kaka yake hakuambiwa akakae na njaa mpaka baba alegee. Wenzake wanampenda, yeye anaamini uzushi." Alicheka. "Haya, mimi ni nani. Masharubu tayari. Doa liko wapi?"

Ramsakhi alikibandika kichwa shingoni, akaziba mshono kwa kidole gumba.

"Doa, Mama. La shavu la kushoto. Lalit alinisimulia hata kabla sijafika nyumba hii, eti Mchongezi wa mtaa wetu ana doa kama njugu, nisije nikalisahau tukaaibika."

Ni mkono wa Ramsakhi uliobandika lile doa la kwanza. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, bi harusi wa miezi mitano. Asubuhi moja alikuwa ameunguza dengu, na baba mkwe alikuwa amemsimamisha uani akimsema, na majirani wanasikia. Alitafuta kitu chochote cha kuyaondoa yale macho juu yake. Akasema, "Baba, mbona hamumuulizi Dulari? Akienda kuchota udongo hupitia kwa mwalimu." Na ni kweli alipitia. Alikuwa anafundishwa kuandika jina lake. Ramsakhi alijua hivyo, kwa kuwa Dulari alikuwa amemwonyesha, ameliandika kwa kidole kwenye majivu ya jiko.

Baba mkwe hakumuuliza mtu. Siku ya kumi na mbili Dulari alikuwa ameozwa kwa mgane mwenye watoto watatu, na mlango wa kwao ukafungwa nyuma yake. Bhogendra alikuwa kijana. Alizunguka mtaani akiuliza ni nani aliyechongea. Sikukuu ya ndege ilipofika, wanawake walimpa bi harusi kazi ya kumfinyanga Mchongezi. Alifinya kidonge cha udongo akakibandika shavuni, pale ambapo Budhni, mjane aliyeuza bisi za mchele, alikuwa na doa lake. Hakusema neno. Wanawake walitazamana, wakacheka, wakawasha moto. Toka hapo kila mwaka.

"Hana doa mwaka huu," Ramsakhi alisema.

"Wataniuliza mimi, Mama. Watasema mkamwana ndiye kasahau."

"Waambie hakuwa na doa."

Aliinuka. Magoti yalilia. Hakunawa, alisimama mbele ya kitanda cha mumewe na mikono yake ya tope ameiachanisha na nguo.

"Baba Lalit."

Bhogendra aligeuza uso.

"Haikuwa Budhni. Ni mimi niliyemwambia Baba. Siku ile ya dengu."

Nyuma yake Vibha aliyaweka masharubu chini. Bhogendra alimtazama mkewe usoni, kisha akaitazama mikono, kisha ungo wenye ndege. Alivuta pumzi mara kadhaa kabla hajaweza kuongea.

"Mimi nilimtemea mate mlangoni kwake," alisema. "Budhni. Mbele za watu. Akayafuta."

"Nakumbuka."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Mwaka ule wa mafuriko, alipokufa, hakuna aliyetaka kubeba kitanda cha maiti yake. Na mimi sikwenda." Ramsakhi alingoja atukanwe. Angalau hilo alikuwa amejiandaa nalo kwa miaka. Lakini mumewe aliingiza mkono chini ya mto, akatoa simu, akaiweka ukingoni mwa kitanda, mbali kidogo na yeye, kama mtu anayemwekea mgeni asiyemjua chombo cha maji. Kisha akaugeukia ukuta.

Vibha ndiye aliyebonyeza namba, kwa kuwa vidole vya Ramsakhi vilikuwa na tope. Akamshikia simu sikioni.

Ilipokewa na sauti ya kijana wa kike. "Mama mkwe yuko shamba, wanavuna. Akirudi huwa amechoka, na huku jioni simu hazishiki. Piga kesho asubuhi kabla hajatoka. Nimwambie nani?"

Ramsakhi alitazama mgongo wa mumewe, namna ulivyopanda na kushuka.

"Mwambie ni Ramsakhi. Mke wa kaka yake."

"Sawa, Mama."

"Ngoja. Mwambie ndimi niliyelipeleka jina lake kwa Baba."

Kule mbuzi alilia karibu na simu. "Jina lipi?" sauti iliuliza.

"Yeye anajua. Mwambie nitamwita mwenyewe kesho."

Simu ilikatika. Vibha aliirudisha chini ya mto bila kumgusa mkwewe, akavuta mtandio mbele zaidi. Hakuwa na utani tena.

"Masharubu nimtie?" aliuliza chinichini.

"Bado hana kinywa. Udongo umekaza, sitauweza leo."

Jua lilikuwa limeshuka upande wa tuta la mto. Ramsakhi alileta gunia, akalichovya ndooni, akalikamua, akamfunika Mchongezi kichwa na mabega ili asikauke. Ndege aliwaingiza ndani mmoja mmoja. Alipopita karibu na kitanda alisimama kusikiliza kama pumzi ingali inatoka. Ilikuwa inatoka.

"Kesho asubuhi," Bhogendra alisema, akiwa bado ameelekea ukuta, "umpigie hapa, nisikie."